Saki inaoza na jua, bidoni inakunywa dawa: tujue plastiki tunayotumia kila siku



Mwisho wa kiangazi kilichopita tulitembelea depo ya koperative moja katika teritware ya Dilolo. Mahindi yalikuwa tayari, mnunuzi alikuwa amefika kutoka Kolwezi, na vijana wawili walianza kubeba saki kuzipeleka kwenye gari. Saki ya kwanza ilipasuka mikononi. Ya pili vile vile. Haikuwa kazi ya panya, wala haikuwa maji. Ukiishika na kuisugua kwa vidole, ilivunjika ikawa vumbi na nyuzi fupi fupi nyeupe, na nyuzi hizo ziliingia ndani ya mahindi. Mnunuzi aliinama, akachota mahindi kwa mkono, akayaangalia, akasema: “Haya mahindi ya plastiki siwezi peleka ku mashini.” Akachukua saki chache zilizokuwa nzima, akaenda zake.

Ba mama walibaki wamekaa chini, wanapepeta na kutoa nyuzi moja moja. Mmoja wao akatuuliza: “Hizi saki tulinunua mupya. Mvua haikuzinyeshea hata siku moja. Ni namna gani zinaoza sawa majani?”

Siku ile hatukumpa jibu zuri. Tulisema tu kwamba saki zilikuwa za bei ya chini. Jibu hilo halikumtosha, na sisi pia halikututosha. Kwa hiyo toleo hili tumelitoa kwa swali lake, kwa sababu anayejua plastiki imetengenezwa namna gani anajua pia ipi ya kununua, aiweke wapi, na ipi asiitumie kwa chakula hata akipewa bure.

Kila plastiki ni mnyororo

Fikiria ushanga. Shanga moja peke yake ni kitu kidogo, inapotea kati ya vidole. Ukizitunga elfu nyingi kwenye uzi mmoja, unapata kitu cha kuvaa na cha kuvuta. Plastiki iko hivyo. Inaanza na chembe ndogo sana, ambazo nyingi zinapatikana kutoka mafuta na gesi ya chini ya ardhi. Kiwandani chembe hizo zinaunganishwa moja nyuma ya nyingine, maelfu kwa maelfu, mpaka zinakuwa mnyororo mrefu. Mnyororo huo unaitwa polima. Ni neno la Kigiriki, maana yake “sehemu nyingi”. Chembe inayoitwa etilini ikiungana hivyo, tunapata polietilini, ile ya sashe na ya bidoni. Chembe ya propilini inatoa polipropilini, ile ya saki.

Nguvu ya plastiki inatoka katika urefu wa minyororo. Mfano uko nyumbani: mshumaa. Nta ya mshumaa wa dukani na polietilini ya bidoni ni ndugu wa damu, zimejengwa kwa kitu kile kile. Tofauti ni kwamba minyororo ya nta ni mifupi, na ile ya bidoni ni mirefu mno, inapitana na kufungana kama mizizi ya nyasi. Ndiyo maana mshumaa unavunjika ukiupinda, lakini bidoni inaanguka kutoka kwenye kinga na haipasuki.

Tushike jambo hili moja: minyororo mirefu ina nguvu, minyororo iliyokatika inavunjika kama nta. Jibu la mama yetu liko hapo.

Polima si kitu cha wageni

Tusifikiri kwamba polima zimekuja na duka. Wanga wa mihogo ni polima, mnyororo wa chembe za sukari. Unapopika bukari, maji ya moto yanaingia katikati ya minyororo hiyo, inavimba, inashikana, na ndiyo maana mwiko unakuwa mzito. Pamba nayo ni polima, na mbao vile vile.

Mpira pia. Wazee wa upande huu wanajua historia yake. Kabla ya reli, Wachokwe walikuwa mabingwa wa kutafuta mpira porini, na misafara iliubeba mpaka pwani ya Benguela, upande wa Angola. Sehemu kubwa ilitoka katika mimea mifupi ya mbuga: watu walichimba mizizi, wakaikausha, wakaitwanga mpaka ganda likatoka na mpira ukabaki. Biashara hiyo ilianguka kabla ya vita vya 1914, mpira wa mashamba makubwa ya Asia ulipojaa sokoni. Reli ya Benguela yenyewe ilifika mpaka wa Kongo mwaka 1929.

Mpira mbichi una kasoro moja: ukipata joto unanata, ukipata baridi unakuwa mgumu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika pamoja na salfa unatulia. Salfa inafunga mnyororo mmoja na mwenzake, kama mafundo ya wavu wa kuvulia samaki. Tangu hapo mpira unavutika na kurudi, lakini hauyeyuki tena.

Kwa hiyo kuna jamaa mbili. Ya kwanza ni polima ambazo minyororo yake haikufungwa pamoja: saki, bidoni, sashe, chupa. Hizo zikipata moto zinalainika, zikipoa zinakuwa ngumu, na unaweza kurudia tena. Ya pili ni zile zilizofungwa mafundo: tairi ya kinga, vishikio vyeusi vya sufuria. Hizo ukizichoma zinaungua tu, haziyeyuki. Fundi akikuambia anayeyusha tairi ya zamani kutengeneza mpya, usimwamini.

Namba chini ya bidoni

Geuza bidoni au ndoo uangalie chini. Mara nyingi utaona pembe tatu yenye namba ndani. Namba hiyo inasema ni plastiki ya aina gani. Haisemi kwamba chombo ni safi au salama.

1 ni PET, ile ya chupa za maji na soda.
2 ni polietilini ngumu: bidoni za njano, mapipa ya bluu.
3 ni PVC: mabomba ya maji, viatu vingine.
4 ni polietilini laini: sashe, karatasi za plastiki za kufunikia.
5 ni polipropilini: saki za kufumwa, ndoo nyingi, viti.
6 ni polistireni: vijiko vya kutupa, vile visanduku vyeupe vyepesi.
7 ni nyingine zote.

Mbona namba 2 na namba 4 zote ni polietilini, lakini moja ngumu na nyingine laini? Fikiria kuni. Kuni zilizonyooka unazipanga vizuri, rundo linakuwa zito na imara. Kuni zenye matawi hazipangiki, zinaacha nafasi katikati. Minyororo ya namba 2 imenyooka. Ile ya namba 4 ina matawi. Chembe ni zile zile, mpangilio ndio unabadilisha tabia.

Kama namba imefutika, kata kipande kidogo, kitie ndani ya maji, kisukume chini kwa kidole mpaka mapovu yatoke. Polietilini na polipropilini (2, 4 na 5) zinaelea. PET na PVC (1 na 3) zinazama.

Saki inatengenezwa namna gani

Kiwandani plastiki inafika ikiwa punje ndogo kama mtama. Kwa polipropilini, punje hizo zinayeyushwa kwenye joto la zaidi ya digrii 165, zinatandazwa kuwa karatasi nyembamba, karatasi inakatwa kuwa riboni, na riboni zinavutwa kwa nguvu kabla ya kufumwa kama mkeka.

Kule kuvutwa ndiko kunatoa nguvu. Jaribu wewe mwenyewe: kata ukanda wa sashe, uuvute polepole. Mwanzoni unanyooka bila shida, halafu ghafla unakuwa mgumu na unakata vidole. Minyororo iliyokuwa imejikunja imelala upande mmoja, kama nyuzi zinaposokotwa kuwa kamba. Lakini ukanda huo huo ukiupasua kwa urefu, unachanika kirahisi. Ndiyo sababu saki ina riboni zinazopita pande mbili.

Adui wa kwanza: jua

Sasa turudi kwa mama yetu. Katika polipropilini kila shanga ya mnyororo ina kitawi kidogo pembeni, na pale kitawi kinaposhikana na mnyororo ndipo penye udhaifu. Mwanga mkali wa jua, ule usioonekana kwa macho lakini unaochoma ngozi, unapiga pale. Oksijeni ya hewa inaingia kwenye kidonda, na mnyororo unakatika. Leo mmoja, kesho elfu. Minyororo ikiwa mifupi, saki inarudi kuwa kama nta: haivutiki tena, inavunjika.

Tulipowauliza wale wa depo, ndipo tukajua: saki zile, zikiwa tupu, zilikaa miezi ya kiangazi zimetandikwa juu ya bati. Walitaka zikauke vizuri. Kumbe walikuwa wanazipika. Huku kwetu tuko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi hakina mawingu. Jua halina huruma, na joto la bati linaharakisha kazi yake.

Viwanda vina kinga: wanachanganya dawa ya kuzuia jua ndani ya punje kabla ya kuziyeyusha. Saki au turubai yenye kinga hiyo inaweza kuandikwa herufi UV. Rangi nyeusi ya masizi nayo inakinga vizuri sana, ndiyo maana matangi na mabomba mengi ya kukaa nje ni meusi. Lakini kwa macho huwezi kujua saki nyeupe kama ina kinga au haina. Kwa hiyo tunashauri hivi:

- Kabla ya kununua saki mia, nunua mbili. Moja iweke ndani, nyingine ifunge juu ya paa. Baada ya mwezi mmoja kata ukanda kutoka kila moja, uvute. Kama ule wa paa unakatika kirahisi, mwambie muuzaji asante, utafute nyingine.
- Saki tupu zikae kivulini, zimekunjwa, mbali na bati na dirisha.
- Saki zilizojaa zikingoja treni au gari, zifunikwe. Za pembeni ndizo zinakufa kwanza.
- Saki ikianza kutoa vumbi jeupe, imekwisha. Usiitie chakula, na turubai ya namna hiyo usianikie mihogo juu yake.

Hewa inapita au haipiti?

Saki ya kufumwa ina matundu madogo, hewa inapita. Ni vizuri kwa mahindi ambayo bado yanapumua. Lakini fukusi wanaotoboa mahindi nao wanapumua vizuri humo, wanazaa, na baada ya miezi michache unafungua saki ya unga na matundu.

Polietilini nzima haina matundu, hewa inapita kidogo sana. Katika miaka ya 1980 mwishoni, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walifanya kazi na wakulima wa Kameruni juu ya kunde, wakapata njia inayoitwa leo PICS. Ni mifuko miwili ya polietilini, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja na unene wa mikroni 80, karibu kama unywele, na nje yake saki ya kufumwa. Kila mfuko unafungwa peke yake, kwa nguvu. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza oksijeni, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna dawa inayotiwa. Polietilini inazuia hewa, saki ya nje inabeba uzito: kila polima inafanya kazi inayoiweza.

Lakini plastiki isiyopitisha hewa haipitishi maji pia. Ukifunga mahindi mabichi humo, unafunga ukungu pamoja nayo, na ukungu mwingine una sumu isiyotoka kwa kupika. Pima kwanza kwa chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, anika siku moja nyingine hivi, ndipo ufunge. Na kabla ya kutumia mfuko, upulize hewa, uushike karibu na sikio: tundu dogo la gunzi linatosha kuharibu kazi yote.

Adui wa pili: bidoni yenye historia

Hapa tunaomba msome polepole, maana hapa si mahindi tu yanayopotea.

Watu wengi wanaamini plastiki ni kama kioo: ukiosha, imekwisha. Si kweli. Katikati ya minyororo kuna nafasi. Maji hayaingii humo kirahisi, lakini vitu vya jamaa ya mafuta vinaingia, kwa sababu polietilini yenyewe ni mtoto wa mafuta. Dawa nyingi za wadudu, esanse na mazutu zinapenya ndani ya ukuta wa bidoni na kukaa humo.

Jaribio ni rahisi. Chukua bidoni iliyobeba mazutu. Ioshe kwa sabuni mara tatu mpaka haina harufu. Ifunge, iache juani mchana kutwa. Jioni fungua unuse. Harufu imerudi, kwa sababu ilikuwa ndani ya ukuta, si juu yake. Sasa fikiria bidoni hiyo ilibeba dawa ya kuua wadudu, halafu wewe unatia mawese. Mafuta yanaivuta ile dawa kutoka ukutani, kidogo kidogo, kila siku, na watoto wanakula.

Katika mkoa wetu wa Lualaba kuna jambo lingine. Kutoa shaba na kobalti kwenye mawe kunahitaji asidi, chokaa na kemikali nyingine, na nyingi zinasafirishwa katika mapipa ya plastiki na saki kubwa za tani moja. Vyombo vilivyotumika vinauzwa tena barabarani na sokoni, vimeoshwa, vinang'aa, bei yake ni ya chini. Hatusemi kila kimoja kina sumu. Tunasema huwezi kujua kwa macho wala kwa pua, na mara nyingi karatasi ya maelezo imeshang'olewa. Kwa hiyo sheria yetu iwe moja: chombo kisichojulikana kilibeba nini, hakibebi maji ya kunywa, mafuta, unga wala mbegu. Saki kubwa ya namna hiyo usianikie mihogo juu yake.

Na chombo cha dawa ya shamba kikiisha, kioshe hapo hapo mara tatu, maji ya kuoshea uyamwage ndani ya pampu unyunyize shambani, halafu kitoboe ili mtu mwingine asikitumie.

Kuunga, kuchoma, kutupa

Bidoni ikipata ufa, usipoteze franka zako kwa gundi. Polietilini na polipropilini hazishiki gundi za kawaida. Uso wake ni kama umepakwa mafuta. Zinaungwa kwa joto: kisu cha moto, na kipande cha plastiki ya namba ile ile. Namba 2 kwa namba 2. Ukichanganya 2 na 5, zitaonekana zimeshikana, lakini minyororo haichanganyiki na ufa utarudi. Fanya kazi hiyo nje, penye hewa.

Usichome plastiki jikoni wala kuwashia moto kwa sashe. Moshi wake unaharibu kifua, na PVC, namba 3, ni mbaya kuliko zote: inatoa gesi ya asidi na sumu nyingine. Kuzitupa shambani si dawa pia. Mihogo ukiitupa, vijidudu vya udongo vinakata minyororo ya wanga na kuila kwa siku chache. Minyororo ya sashe hawaiwezi. Inabaki miaka, na mbuzi anayeila tumbo linaziba. Ni kwa sababu ya uchafu huo nchi yetu ilitoa Dekreti namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 kupiga marufuku sashe na vifungashio vya plastiki. Rwanda ilianza mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Sokoni bado tunaziona. Lakini koperative inaweza kuanza kwake: saki zilizokufa zikusanywe mahali pamoja, kivulini, zisivunjike zikawa vumbi ndani ya udongo wetu.

Wale wenzetu wa depo wamekwisha kuanza. Saki tupu sasa ziko ndani, kwenye ubao, na kila moja imeandikwa mwezi iliponunuliwa. Bidoni za chakula zina alama ya rangi shingoni. Zisizo na alama haziingii jikoni. Mama aliyetuuliza swali ndiye anashika ufunguo, na hakubali saki ipande tena kwenye bati.

Katika mkutano wenu ujao leteni vitu vitatu: saki moja ya zamani, bidoni moja, na ndoo ya maji. Someni namba pamoja, jaribuni kuelea na kuzama, vuteni ukanda wa saki. Halafu mhesabu ni saki ngapi zilizoko depo zitafika Kolwezi zikiwa nzima. Mkiona jambo ambalo hatukulieleza, mwandikeni mhudumu wetu anapopita. Tutalijibu katika toleo linalofuata.